Upindo wa Kushoto

Kama umeona baka mwilini mwako ambalo haliwashi wala haliumi, na umekwisha kulifinya mara tatu ukiwa peke yako ili kuhakikisha, basi haya nakuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Hilo waulize wenye koti jeupe. Ninachojua mimi ni benchi, vumbi la lori, vidonge na hofu. Hofu naijua vizuri sana. Nilikaa nayo karibu miaka minne, nikila nayo, nikitembea nayo, na kwa muda mrefu ndiyo peke yake iliyokubali kulala na mimi mkeka mmoja.

Naitwa Skolastika, nyumbani Skola. Mimi ni Mpimbwe, na baba yangu alikuwa mfumi wa nguo za pamba. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wafumi kwetu walikuwa wamebaki wa kuhesabu, kwa sababu watu walivaa khanga na vitenge vya dukani. Baba aliziita nguo za dukani karatasi. Alikuwa mzee mkali, mvuta ugoro, asiyemsifu mtu. Alizaa wasichana watupu, na kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya wanaume, alinifundisha mimi kwa hasira, utadhani mimi ndiye niliyekataa kuzaliwa mvulana.

Kitanda cha mfumi kwetu si mashine. Ni vigingi vinne ardhini na miti miwili, na kati yake umevutwa mtande, yaani zile nyuzi za urefu. Unakaa chini, unapitisha uzi wa mshindio kwenda na kurudi, unaushindilia kwa ubao. Kila mshindio unapogeukia pembeni, kidole kidogo na jirani yake hushika ule uzi wa mwisho kidogo tu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, usimvute wala usimwachie. Hapo ndipo unapopatikana upindo ulionyooka. Jambo hilo halifanywi kwa macho, na baba alinifundisha nikiwa nimefumba yangu, nihesabu kwa mwili.

"Nguo haitazamwi," alikuwa akisema. "Nguo inashikwa. Mwenye kutazama ni mnunuzi."

Nilipojifungua Edita, mwanangu wa kwanza, baba alitangaza kuwa mjukuu wake hatabebwa kwa karatasi. Katika ukoo wetu mfumi humfumia mjukuu wa kwanza mbeleko. Lakini macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli tu. Tukakubaliana nifume mimi, akague yeye. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji kipya, ambako nyumba zilipangwa kwa mistari, na ya baba ikaangukia ya tatu kutoka kwetu. Kila siku jua likielekea kuzama alikuja na fimbo yake, akachuchumaa penye kitanda cha mfumi, akapitisha vidole juu ya kazi ya siku ile. Akinyamaza, ujue nguo ni nzuri.

Siku moja hakunyamaza.

"Nani kafuma hapa?"

"Mimi, baba."

"Nimeuliza nani kafuma hapa. Huku juu ni wewe. Hapa chini kuna mtu mwingine."

"Nani mwingine angekaa hapo, baba? Mama mkwe?"

"Usinichekeshe. Fumua."

Nikafumua shubiri nzima, kesho yake nikafuma upya. Jioni akaja, akashika, akasonya. Siku ya tatu alipiga mtande kwa fimbo. "Upindo wa kushoto umelegea. Unaushika kwa nini, kwa mguu?"

Nilikasirika. Nilimwambia macho yakimwisha mtu anaanza kusingizia mikono ya wenzake. Alipoondoka niliinama nikautazama upindo wangu kwa macho, jambo ambalo mfumi hulifanya akiwa na mashaka, nikaona kweli unayumba. Nikautazama mkono wa kushoto. Chini ya kiwiko palikuwa na baka lililofifia rangi, ukubwa wa kiganja cha Edita. Nilikuwa nimeliona tangu wakati wa kupalilia mpunga na kuliita fangasi. Nikalifinya. Nikakifinya kidole kidogo pia. Nilikuwa nafinya ngozi ya mtu mwingine.

Sikumwambia mtu, lakini mama mkwe aliliona baka nikiosha vyombo. Usiku ule ugali wangu uliletwa peke yake, kwenye sahani ya bati ya bluu iliyobanduka rangi ukingoni, ile tuliyokuwa tukiwekea chumvi. Mume wangu, Baba Edita, aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaendelea kumega tonge. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za raha.

"Keshokutwa lori la mpunga linakwenda Mpanda," alisema alipomaliza. "Utapanda ukapimwe."

"Na Edita?"

"Atabaki na bibi yake."

Nilipanda juu ya magunia pamoja na watu wengine kumi hivi. Anayeijua njia ya kukatiza mbuga ya Katavi anawajua mbung'o wake. Mbung'o akikuuma unaruka, hata uwe mzee wa heshima. Watu walikuwa wakijipiga makofi na kutukana. Mimi nilikuwa nimekaa kimya nikimwaza mwanangu, mpaka mwanamke wa pembeni yangu akaniambia, "We dada, huyo mbung'o anakumaliza."

Nikatazama. Alikuwa ametulia juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto, tumbo limevimba kwa damu, na sikuwa na habari naye.

"Nimemwona," nikasema. "Namwacha ashibe kwanza."

Lori zima likacheka. Nilimpiga, damu ikanirukia, nikacheka nao. Ndani yangu nilikuwa nimekwisha elewa. Na papo hapo juu ya magunia niliamua kwamba, lolote litakalotokea Mpanda, sitakubali. Nilikuwa nimesikia kuwa ukikutwa na ukoma unapelekwa kambi ya mbali, na mtoto anayenyonya unanyang'anywa. Edita alikuwa na miezi minane.

Nililala kwa shangazi yangu mtaa wa Majengo, asubuhi nikaenda kliniki. Siku ya ugonjwa huu ilikuwa moja kwa wiki, na benchi letu lilikuwa la mwisho kabisa, chini ya ukingo wa paa upande wa nyuma, ili wenye homa na mimba wasituone. Ukikaa kwenye benchi lile umekwisha kujitangaza. Nilisimama karibu na ukuta, kama mtu anayemsubiri mgonjwa wake, mpaka nilipoitwa.

Mpimaji alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa wanga mpaka likakakamaa. Alichukua pamba, akaisokota ncha yake ikawa nyembamba. Aliisokota vibaya, nikamdharau kidogo.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nilipogusa."

Pamba. Mimi nimezaliwa juu ya pamba. Nilifumba macho nikatulia kama baba alivyonifundisha, na baada ya miguso michache nikaipata njia yake. Alikuwa akipima kama mtu anayepitisha mshindio, kulia, kushoto, juu, chini, haruki. Kila alipoinua mkono lile shati la wanga lilikwaruza, na kila alipoinama pumzi yake ilinifikia. Nikahesabu. Pale nilipohisi nilionyesha, na pale nisipohisi kitu nilisikiliza shati, nikahesabu, nikaonyesha. Sikukosea hata mara moja. Kazi niliyofundishwa kwa ajili ya upindo niliitumia kuiba jibu.

"Huna kitu, mama," alisema, na uso wake ulifurahi kwa ajili yangu. "Itakuwa fangasi." Akanipa dawa ya kupaka.

Unayesoma, kama unafikiria kufanya nilivyofanya, ngoja nikwambie kilichofuata.

Nilirudi kama mshindi. Mama mkwe alichinja kuku. Sahani ya bluu ilirudi kwenye chumvi, Edita akarudi kifuani kwangu, na Baba Edita akacheka mara mbili siku moja. Nilipaka ile dawa kila asubuhi mbele ya watu. Baba tu ndiye hakusema pole wala hongera. Alikuja jioni, akaushika upindo, akaondoka bila kuniaga. Na mimi nilikuwa naogopa kuliko mwanzo, kwa sababu kabla ya hapo niliogopa ugonjwa tu, na sasa niliogopa pia kujulikana. Nilipomnyonyesha mtoto nilimshika kwa mkono wa kulia na kuuficha wa kushoto chini ya khanga.

Wiki ya tatu nilikuwa namwogesha. Mama hupima maji ya mtoto kwa ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa umemshika Edita, nikapima kwa wa kushoto. Mkono uliniambia maji ni ya vuguvugu. Nikamtia mguu.

Sauti ile sitaieleza. Mama mkwe alitoka ndani mbio, akamnyakua. Kimguu kilikuwa chekundu mpaka juu ya kifundo, ngozi imeanza kuinuka.

"Maji haya umeyapima?"

"Nimeyapima, mama."

"Kwa kitu gani?"

Nikauinua mkono kumwonyesha. Ubavu wa kidole kidogo ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, unavimba, na mimi nilikuwa nautazama tu, hauniumi. Mama mkwe alirudi nyuma hatua mbili na mtoto mikononi mwake. Aliondoka naye, na kwa siku ile sikumwona tena mwanangu, nilimsikia tu akilia nyumba ya pili.

Baba alikuja saa kumi, kabla ya wakati wake. Alikaa chini, akaweka fimbo.

"Mpimaji alisemaje kule?"

"Alisema sina."

"Alikupima kwa nini?"

"Kwa pamba."

Akatoa kikopo cha ugoro, akakifungua, akakifunga bila kuvuta. "Ulimwibia," akasema.

Nikamweleza yote, mpaka shati la wanga. Nilitegemea fimbo. Akasema, "Nilikufundisha kufumba macho ili ufume. Sikukufundisha ujiue kwa ujuzi huo. Lete mkono."

Baba hakuwa mtu wa kugusa watu. Sikumbuki alinishika mkono lini, labda nikiwa mdogo wa kuvushwa mto. Aliukwepa ule uliovimba penye malengelenge, akashika vidole kimoja kimoja kama anavyotafuta uzi uliokatika kwenye mtande. Akabana gumba, akaningoja. Nikasema nasikia. Cha pili, nasikia. Cha kati, kidogo. Cha nne akabana, sikusikia kitu, na kile kidogo akabana mpaka kucha yake ikaacha alama.

"Baba, naogopa."

"Na mimi," alisema. "Macho yangu yamekwenda. Sasa na vidole vyangu vinakwenda."

Vidole alivyosema ni hivi vyangu. Sikuwahi kumsikia akisema anaogopa chochote, hata simba, na kwetu simba si hadithi. Tulikaa pale tukilia, mzee na binti yake, na mtu akipita njiani tunajifanya tunakagua nguo.

Lori lililofuata nilipanda. Safari hii nilikaa kwenye benchi la mwisho. Aliyenipisha nafasi alikuwa Mama Tatu, Mwislamu wa Ikola, ambaye mume wake alikuwa mvuvi na yeye mwenyewe mkausha dagaa. Alikuwa ananuka dagaa kama ghala. Vidole vyake viwili vilikuwa vifupi kwa pingili moja, na alivitumia kunyooshea watu akiongea, bila haya.

"Mara ya kwanza?" akaniuliza.

"Ya pili. Ya kwanza nilidanganya."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Mimi nilificha miaka miwili. Hivi unavyoviona vifupi ni vya miaka hiyo miwili. Haviliwi na ugonjwa, nakwambia. Nilivichoma mwenyewe kwenye moto wa kukaangia, sikusikia. Kingine nadhani panya. Fuga paka."

"Panya?"

"Kidole kisichosikia, panya anakijua. Paka alale chumbani kwako. Halafu kila jioni ukae mahali penye mwanga uitazame mikono yako kama unamtafuta mtoto chawa. Pakiwa na jeraha, funga. Sisi sasa tunahisi kwa macho."

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Watu waliopita kwenda chooni walituzunguka kwa mbali. Mama Tatu aliwasalimia wote kwa majina ya kubuni, "Shikamoo Mzee Mkimbizi, marahaba Bibi Pua Juu," na mimi, nikiwa na mtoto aliyeungua nyumbani na vidole vilivyokufa mapajani, nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mpimaji alinikumbuka. Akaichukua pamba.

"Kunja mikono ya shati, bwana," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mara ile nilikuwa nakusikia."

Sikuona hasira usoni mwake. Akaikunja mikono ya shati lake mpaka juu ya viwiko, taratibu, akavuta kiti nyuma ili pumzi yake isinifikie. Nikafumba macho. Alianza kulia, nikaonyesha, nikaonyesha, nikaonyesha. Halafu pakawa kimya. Nikangoja. Nikafikiri ameitwa nje. Nikangoja tena.

"Endelea basi," nikasema.

"Nimekwisha maliza, mama," akajibu. "Fumbua macho."

Kama kuna dakika moja ninayoiota mpaka leo, ni hiyo. Nilimwuliza kambi iko wapi na nitaondoka lini, na kama ningeruhusiwa kumwona mtoto kwanza. Akashangaa. Akasema mtu wa hali yangu hapelekwi kambini, atapewa vidonge anywe nyumbani kwake, arudi kila vinapokwisha. Mtoto aendelee kunyonya, naye atapimwa mara kwa mara. Kwa hiyo kile nilichokikimbia mara ya kwanza hakikuwapo. Mguu wa Edita uliungua kwa sababu ya kambi ambayo nisingepelekwa.

Vidonge vilikuwa vyeupe, vidogo, vya kila siku. Usivitegemee vikupe ishara. Mvua ya kwanza ilinyesha, tukapanda mpunga, ukaota, na mimi sikuona badiliko lolote isipokuwa ngozi kuwa nyeusi zaidi. Baba Edita alinijengea kibanda nyuma ya nyumba. Alisema ni cha kitanda cha mfumi, mvua isilowanishe mtande. Tulijua wote kuwa ni changu. Nililala humo na paka wa Mama Tatu, maana alinitumia kweli, ndani ya kikapu cha dagaa, kwa dereva mmoja. Mama mkwe aliniletea Edita anyonye mara tatu kwa siku. Alikuwa akimweka juu ya mkeka mlangoni, anarudi nyuma, kisha mimi ndiyo namchukua. Akishiba, namrudisha juu ya mkeka, narudi nyuma mimi. Miezi mingi hakuna kitu kilichopita kutoka mkono wake kwenda wangu. Nilitamani hata anipige kofi.

Wakati wa mavuno mwili ulinigeukia. Uso ulivimba, uvimbe mwekundu ukatoka mapajani na mikononi, homa ikapanda, na mshipa wa kiwiko cha kushoto ukauma mpaka nikauma khanga. Mkono uliokuwa hausikii chochote sasa ulisikia maumivu tu. Kile kidole kidogo na mwenzake vilianza kukunjika kuelekea kiganjani. Mama mkwe alisema dawa ndiyo inayoniua, niiache. Mama mzazi wangu angekuwa hai angesema vilevile. Nilivishika vile vidonge nikavitazama, na sitakuficha, nilikuwa karibu kuvitupa chooni. Aliyenizuia ni baba, na hakunizuia kwa hekima. Alipiga fimbo mlangoni na kusema, "Ukivitupa, mbeleko nitaichoma."

Baba Edita alinipeleka barabarani kwa baiskeli kulisubiri lori. Nilikaa nyuma nikiwa nimeshika chuma cha tandiko, nimejivuta mbali na mgongo wake. Njia ilikuwa ya mashimo na homa ilinizungusha kichwa.

"Nishike, utaanguka," alisema.

"Nitashika hapa hapa."

Akasimamisha baiskeli katikati ya njia. Akaurudisha mkono wake nyuma, akaushika wangu wa kulia, akauweka kiunoni mwake, kisha wa kushoto. Akaendelea kukanyaga. Hata leo hatujawahi kuizungumza siku ile.

Mpanda walinilaza wiki sita. Walinipa dawa nyingine juu ya ile, wakanifunga mkono kwa banzi ili vidole vinyooke. Kwa hiyo nakwambia, mwili ukikugeukia, usiache dawa, rudi ulikopewa. Mimi ningefika wiki mbili mapema, huenda vidole hivi viwili visingebaki vimepinda. Vimepinda. Havikunyooka tena wala havikusikia tena, na sitaki nikudanganye katika hilo. Lakini ugonjwa ulisimama hapo, haukukimaliza cha kati wala haukuvuka mkono wa kulia.

Niliporudi kazini ilikuwa masika nyingine. Mara ya kwanza kukaa kwenye kitanda cha mfumi nililia mpaka mtande ukalowa. Kidole kiliushika uzi wa upindo na mimi sikujua kama kimeushika au kimeuacha, nikavuta, ukakatika. Nikaunga, ukakatika. Ilinibidi nitazame. Kila mshindio uliogeukia kushoto niliinama nikautazama kwa macho kama mnunuzi. Kwa siku moja niliweza kufuma upana wa vidole viwili. Majira mengine ya kupanda yakapita, na mengine, na kila mwezi nilishuka Mpanda kuchukua vidonge. Benchi lilikuwa lilelile. Mama Tatu aliendelea kuwabatiza wapita njia, mpaka mwezi mmoja hakuja, na mwezi uliofuata nikasikia amemaliza dawa zake. Nililikalia lile benchi kwa kiburi kidogo, nikaanza kuwapisha nafasi wale wanaosimama karibu na ukuta.

Siku mpimaji aliponiambia sina haja ya kurudi tena isipokuwa kwa kukaguliwa, alinipa cheti. Nilimsomea mama mkwe. Alisikiliza, akasema, "Haya, tumshukuru Mungu," akaenda kupepeta mchele. Karatasi haikumtoa hofu, na simlaumu. Mimi mwenyewe haikunitoa yote.

Mbeleko niliimaliza wiki ile ile. Kilichukua karibu miaka minne kitu ambacho kingechukua msimu mmoja. Baba alikuja, akachuchumaa kwa taabu, akapitisha vidole kwenye upindo wa kushoto tangu mwanzo.

"Hapa ni wewe," alisema. Akasogea. "Hapa umelegea. Hapa umepotea kabisa." Akafika pale niliporudi kazini. "Hapa umeshika kwa macho. Umebana mno, kama mtu anayeogopa."

"Nilikuwa naogopa, baba. Nifumue?"

Alirudia sehemu iliyolegea, akaishika muda mrefu.

"Acha," alisema. "Ukiifunga, fundo litashika."

Edita wakati huo alikuwa mkubwa wa kukimbiza kuku, na ngozi ya mguu wake wa kulia ilikuwa na kovu linalong'aa. Watoto wa umri wake hawabebwi. Lakini alipoambiwa nguo ile ni yake alitaka abebwe hapo hapo, akaanza kulia kwa ubishi. Nikainama, akapanda mgongoni. Nikajaribu kufunga mbeleko. Fundo la kifuani linataka mikono miwili inayosikia. Nikafunga, likateleza, nikafunga, mtoto akaanza kuteremka. Baba hakuona kinachoendelea. Baba Edita alikuwa shambani.

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mlangoni, aliweka ungo chini. Alisimama mbele yangu, akaishika ile nguo pande zote mbili, akaivuta, akanifunga fundo kifuani, kwa nguvu kama anavyofunga gunia. Pumzi yake ilinifikia usoni. Kisha akazunguka nyuma kuangalia kama mtoto amekaa vizuri.

"Umemshika?" aliuliza.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa nyuma, chini ya mapaja ya Edita. Wa kulia ulikuwa umeshika. Wa kushoto sikujua.

"Nimemshika, mama."

Sikuona alichofanya huko nyuma, na sikuhisi kitu. Nilihisi mgongoni joto la mwanangu tu, na kidevu chake begani, kwa sababu mgongo wangu haukupata ganzi hata chembe. Ndipo Edita akaongea sikioni pangu, kwa sauti ya kushtaki.

"Bibi, unambana mama vidole."